Nilivyokalia Mzigo wa Hajjat Zenabu

Wenzangu mliobaki ofisini Arua mmeniomba niandike jinsi kazi yetu ya bima ilivyokuwa kabla yenu. Nimeanza mara kadhaa nikachana karatasi. Nimegundua kwamba mtu akistaafu hukumbuka vizuri sana alivyoaibika, lakini yale aliyofanya vyema inabidi akumbushwe na mkewe, na wangu anasema hana habari nayo. Kwa hiyo msitafute humu hadithi za vyeo. Vyeo vyangu mnavijua, ni vichache na vilichelewa. Nitawaeleza kuhusu bima ya vyombo vya nyumbani wakati wa kuhama, kwa sababu ndiyo niliyoiuza muda mrefu kuliko mtu yeyote pale, na ndiyo iliyonivua koti mbele za watu.

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti ya mjomba wangu, yenye mabega mapana kuliko yangu. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la misumari na mabati. Aliyenipokea ni Mzee Adriko, mkaguzi wa hasara, mtu mfupi wa sauti ya chini ambaye alikuwa na tabia ya kukutazama viatuni huku akikusikiliza. Aliniambia niende sokoni nikauze bima. Nikamwendea mama mmoja muuza ufuta, nikamweleza kwa adabu zote kwamba nyumba yake inaweza kuungua, vyombo vyake vinaweza kuibiwa, na mti unaweza kuangukia paa yeye akiwa amelala. Mama akaacha kupepeta.

“Mutoto ya watu,” akasema, “mimi nilikukosea nini?”

Wenzake wakasogea karibu, nami nikafurahi nikidhani nimepata wateja. Kumbe walikuja kuona sura ya mtu anayewatabiria wenzake mabaya mchana kweupe. Kufika jioni soko zima lilikuwa linaniita mutu ya balaa. Yupo mzee mmoja pale ambaye hadi leo hunisalimu kwa jina hilo, na husalimu kwa upendo.

Niliporudi, Mzee Adriko hakucheka. “Weye umeanza na moto,” akaniambia. “Mutu hapana penda moto. Anza na kitu yeye napenda. Uliza ilitoka wapi, uliza nani alimupa. Halafu nyamaza.” Ushauri huo niliufuata nusu. Kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Mzee huyo alinifundisha kazi kwa mikono. Hakuamini macho yake wala maneno ya mwenye mali. Kabati alilibisha kama anabisha hodi, akasikiliza. Godoro alilinusa. Kiti alikigeuza miguu juu, kwa sababu kiti husema uongo upande wa juu na ukweli upande wa chini. Alinipa kipande cha chaki nitie alama chini ya kila kitu kilichokubaliwa kwenye bima, ili gari likifika tujue kilichopanda ni kipi. Niliizoea chaki hiyo hata ikaniharibia heshima. Nikialikwa kwa watu, mkono wangu huenda wenyewe chini ya meza kupapasa. Mara moja matangani mwenye nyumba aliniuliza kwa upole nimepoteza nini.

Bima ya kuhama tuliianzisha kwa ajili ya watumishi. Walimu, wauguzi na makarani walikuwa wakihamishwa kila mara kati ya Arua na Koboko na vijiji vya huko, na vyombo vyao vilifika vikiwa vimezeeka kuliko wenyewe. Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuwa mwalimu aliyepelekwa Abuku. Mali yake yote ilienea nyuma ya pikapu: kitanda, meza, redio, magunia ya muhogo mkavu, na kuku aliyeatamia mayai ndani ya kikapu. Alitaka vyote viingie. Pikapu ikapiga shimo wakiwa wamekaribia kabisa, kikapu kikaruka, mayai yakavunjika, kuku akatimkia shambani kwa mtu. Mwalimu akaja ofisini kudai alipwe vifaranga. Alisema mayai yalikuwa yamekaribia kuanguliwa, na kwamba ndani ya mojawapo alikuwa amesikia sauti.

Nililichukua jambo hilo kwa uzito usiostahili. Nikamwuliza Mzee Adriko kama kampuni inatambua sauti. Akavitazama viatu vyangu kwa muda. “Mayai ndiyo yalipanda gari,” akasema. “Mayai ndiyo yatalipwa.” Mwalimu alikubali kwa shingo upande. Kila nilipopita Abuku baada ya hapo, alikuwa ananionyesha kuku wowote waliopo njiani na kuniambia, wangekuwa wakubwa kama hawa.

Sasa niwape yale ambayo hayamo kwenye kitabu cha kampuni. Kabati la vioo lisilazwe kamwe. Lisimame, mgongo uelekee kichwa cha gari, na blanketi lipite katikati ya milango. Godoro liwekwe kwa ubavu, maana likilazwa tu wapakiaji watalilalia. Mafuta ya taa yasipande pamoja na matandiko, hata kama mwenyewe anaapa kwamba kifuniko kinabana. Kamba ya katani hulegea ikilowa, kwa hiyo fungeni kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya lori. Na mkitaka kujua ndani ya nyumba kuna nini cha thamani, muulizeni mama. Baba atawaonyesha televisheni. Haya yote niliyajua kwa moyo siku nilipokutana na Hajjat Zenabu, ndiyo maana sina pa kujitetea.

Hajjat Zenabu alikuwa Mnubi, mjane, mwenye mkahawa mdogo Arua uliosifika kwa mchuzi wake. Alizaliwa Koboko, akaolewa Arua akiwa binti, na sasa alikuwa anarudi kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake. Sababu ya kurudi ilikuwa binti yake wa pekee, Mastura, ambaye alikuwa amechumbiwa na familia ya huko huko Koboko. Kijana na binti walikuwa wamependana, wanaume walikuwa wamezungumza yao na kumaliza. Kilichobaki ni wanawake wa upande wa kijana. Walikuwa waje Jumapili, siku moja tu baada ya vyombo kufika, kuiona nyumba na kula chakula.

“Wao nasema wanakuja kuona nyumba,” Hajjat aliniambia. “Iko nakuja kuona mimi. Wanasema mimi nilikimbia Koboko, sasa niko mutu ya Arua, sijui desturi. Wakiridhika, bibi yao atasema bismillahi, wote watakula. Wakikosa kuridhika, watanawa mikono, watasema chakula iko na harufu mzuri, halafu watasimama.”

“Na baada ya hapo, Hajjat?”

“Baada ya hapo hakuna kitu. Mutoto yangu atabaki kwa nyumba.”

Alisema hivyo bila kuinua sauti, lakini alikuwa anakunja pembe ya kitambaa chake na kuikunjua. Ndiyo sababu alitaka bima. Alitaka kila kitu kifike kizima, kama kilivyo, kwa ajili ya siku hiyo moja.

Nikaingia kazini. Nikageuza makochi mekundu nikatia chaki. Nikabisha kabati la vioo, nikatia chaki. Friji, televisheni, vitanda, meza ya kulia, vyote nikavitia chaki, huku nikitoa maelezo marefu ambayo hakuna aliyeyaomba. Mwishowe Hajjat akanionyesha fungu kubwa lililofungwa kwa shuka jeupe.

“Na hii?”

Nikafungua. Zilikuwa tabaga, vile vifuniko vya chakula ambavyo wanawake wa Kinubi husuka kwa majani yaliyotiwa rangi, vipana kama sinia na vimeinuka katikati. Nyekundu, zambarau, kijani, kila kimoja na nakshi yake. Hajjat alisema alizisuka taratibu miaka yote ambayo Mastura alikuwa anakua. Nikainua moja. Ilikuwa nyepesi mno. Nikasema, kwa sauti ya mtaalamu, “Hajjat, hizi ni majani. Majani hayavunjiki.” Nikalifunga shuka. Chaki sikutia. Hajjat akanitazama kama mtu anayetaka kusema jambo, lakini mimi nilikuwa nimeshahamia kwenye pasi ya umeme.

Jumamosi lori likaja. Nilitaka lifunikwe kwa turubai, Hajjat akakataa. Alisema amekaa Arua tangu aolewe, na majirani wana haki ya kuona anaondoka na nini. Kwetu huo si ujinga. Mtu akihama mzigo ukiwa wazi, hakuna atakayesema kesho kwamba alitoroka. Basi majirani wakatoka kuangalia, nami kwa kuwa kulikuwa na watazamaji nikaanza kutoa amri. Kabati huku, kochi kule, wewe shika mguu, wewe acha. Fungu la shuka jeupe likabaki bila mahali. Nikasema libanwe juu kabisa, kati ya makochi na kabati.

Hajjat na Mastura wakapanda mbele na dereva, Rajabu. Mimi nikapanda juu ya mzigo ili nilinde vioo. Kitabu cha kampuni hakisemi wakala apande juu. Hakisemi pia asipande.

Tulipofika Onduparaka kulikuwa na mechi. Watu wa Onduparaka na mpira wao, hapo sina la kuongeza. Barabara ilikuwa imejaa, Rajabu akazima injini, akatulia. Uwanja ulikuwa kando tu ya njia, na mimi, juu ya makochi ya Hajjat, nilikuwa mtu mwenye kiti kizuri kuliko wote waliohudhuria. Nikasimama nione vizuri. Ikatolewa penalti. Mpigaji akarudi nyuma, akaja mbio, wavu ukatikisika, mji mzima ukapiga kelele, nami nikaruka nayo. Nilipotua niliketi. Niliketi kwa uzito wote wa mtu mwenye furaha, na wakati ule nilikuwa mnene kuliko mnavyonijua.

Chini yangu kulitoka sauti kama mtu anayetafuna muhogo mkavu. Nikapapasa, nikagusa shuka laini, nikaona ni blanketi. Nikajisogeza nikae vizuri zaidi. Nikabaki hapo hapo hadi Koboko, na kila tuta tuliloruka nilikuwa najipongeza kwa kupata mahali pazuri pa kukalia.

Mzigo ukashushwa. Kioo cha kabati hakikuwa hata na ufa. Friji ikawashwa ikanguruma. Televisheni ikaonyesha. Nikazunguka uani nimeweka mikono kiunoni, nikamwambia Hajjat aangalie mwenyewe kazi ya kampuni yetu. Nilikuwa bado nasema Mastura alipofungua fungu la shuka.

Tabaga zilikuwa zimelala chapati. Mishono ilikuwa imekatika, majani yametoka nje kama mbavu. Ile ya juu kabisa ilikuwa imebonyea kwa umbo ambalo kila mtu pale uani alilitambua. Rajabu dereva aliiangalia, kisha akanizunguka akaniangalia kwa nyuma, akalinganisha.

Hajjat alikaa kwenye kochi jekundu, lile lenye chaki chini yake, akaiweka tabaga hiyo mapajani na kulia. Alilia kimya, akiipitishia kidole kwenye mishono. Nimeona nyumba zilizoungua na maduka yaliyovunjwa, lakini sijapata kuona aibu kama niliyoiona siku ile, na ilikuwa yangu mwenyewe.

Nikatoka nje nikampigia simu meneja wetu Kampala.

“Chanzo cha hasara?” akauliza.

“Mimi, bwana.”

“Najua ni wewe unayepiga. Nauliza chanzo.”

“Ni mimi. Nilikaa.”

Kisha akauliza vitu vyenyewe nilivithamini kiasi gani. Nikamwambia sikuvithamini. Akaniambia nisubiri ofisi ifunguliwe Jumatatu, wataangalia bei ya majani. Nikajaribu kumweleza kwamba wageni wanakuja kesho adhuhuri. Akaniuliza wageni wanaingiaje kwenye bima ya vyombo. Nikaona ana haki, nikakata simu, na haki yake haikunisaidia kitu.

Niliporudi ndani, Mastura ndiye aliyenieleza kilichokuwa mbele yetu. Chakula cha wakwe hakiletwi kikiwa wazi. Kikitoka jikoni bila kifuniko cha heshima, maana yake nyumba haina mwanamke, au yupo lakini hakufundwa. Sahani kufunika sahani haikubaliki. Kitambaa hakikubaliki. Nikashauri waazime kwa majirani.

Hajjat akainua uso. “Nimerudi kwetu leo. Kesho asubuhi nianze kuomba-omba?” Akajifuta macho. “Mimi siendi. Weye ulikaa juu yake. Weye ndiyo tatafuta.”

Nikalala kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, ikiwa kujigeuza kitandani ni kulala. Jumapili kulipokucha nikaanza kuzunguka mitaa ya Wanubi, mimi Mlugbara na Mkatoliki, nimevaa koti, tai na viatu vilivyong'aa, nikiomba vifuniko vya chakula kwa wanawake nisiowajua. Wa kwanza aliitwa Kaltuma, mama wa makamo, alikuwa anafagia.

“Weye nani?”

“Mimi mtu wa bima, mama.”

“Ya nani tabaga?”

“Ya Hajjat Zenabu, aliyerudi jana kutoka Arua. Zake zimeharibika.”

“Nani aliharibu?”

Nikamwambia. Akaegemea ufagio wake. Akaingia ndani, akatoka na tabaga nzuri yenye nyota za zambarau, lakini alipoinyoosha na mimi nikainyooshea mkono, hakuiachia.

“Ikiharibika hii?”

“Kampuni italipa, mama.”

“Kampuni iko wapi?”

“Kampala.”

“Basi acha viatu.”

Nilicheka peke yangu. Kaltuma alikuwa anasubiri. Nikavua viatu, nikaviweka mlangoni kwake, akanipa tabaga. Miaka yote niliyohubiri dhamana na fidia, sikuwahi kuona mkataba ulioeleweka haraka namna ile na pande zote mbili. Habari nayo ikanitangulia. Nyumba ya pili mwanamke alinipokea akiwa ameshika tabaga mkononi, macho yake kwenye koti langu. Nyumba iliyofuata ilichukua saa ya mkono. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha alichukua tai, akamfunga nayo mtoto shingoni, ikampendeza. Ya mwisho ilikuwa tabaga kubwa ya kufunikia sinia la wali, na mwenyewe alikuwa bibi asiyetaka mchezo. Nilikuwa nimebaki na shati, suruali na mkanda. Nikampa mkanda.

Nilirudi kwa Hajjat na tabaga zimepangwa kichwani, miguu mitupu, suruali nimeifunga kwa ule mpira wa tyubu tuliofungia kabati. Kijiweni kwa madereva wa bodaboda walinyamaza nikipita, na watu wale si wa kunyamaza. Hajjat alinitazama kuanzia juu hadi chini. Hakucheka, lakini alimwambia Mastura aniletee maji ya kunywa. Kisha akazipokea tabaga moja moja, na nikaona uso wake unabadilika.

“Hii iko mkono ya Kaltuma,” akasema. “Hii mimi najua, hii pia. Mutu ya bima, kila mwanamke iko na mkono yake. Bibi Fatna, bibi ya ile kijana, yeye anajua mkono ya Koboko yote. Atafungua, atajua siyo yangu hata moja.”

Nikauliza kama kuna njia nyingine. Hakuwa na wakati wa kunijibu. Nje kulikuwa na sauti za wanawake wanaobisha hodi.

Mimi nilipaswa kuondoka, lakini viatu vyangu vilikuwa kwa Kaltuma na njia ilipita mbele ya wageni. Nikajibanza kwenye baraza ya jikoni, mahali nilipodhani sionekani. Wakaingia wamevaa nguo zao nzuri, harufu ya udi ikawatangulia. Bibi Fatna alikuwa mzee mwembamba, macho makali, akaketishwa kwenye mkeka katikati. Kochi jekundu hakulitazama. Kabati la vioo hakulitazama. Vitu vyote nilivyovitia chaki vilikuwa vimesimama ukutani bila kazi.

Wakanawa mikono. Mastura akaleta chakula, sinia na bakuli, kila kimoja kimefunikwa. Alipomaliza kuvipanga akaketi kando ya mama yake, na Hajjat alikuwa amekaa wima kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Bibi Fatna hakufunua. Alianza kuzigusa tabaga kwa ncha ya kidole.

“Hii ya Kaltuma,” akasema. Akahamia nyingine. “Hii ya mke ya marehemu Sebbi.” Akaendelea, akazitaja zote kwa wenyewe, hakukosea hata moja. Wanawake aliokuja nao wakatazamana. Mmoja akaanza kuvuta shuka lake begani, vile mtu anavyofanya anapojiandaa kusimama.

“Zenabu,” Bibi Fatna akasema, “ya kwako iko wapi?”

Mastura ndiye aliyeinuka. Alikuja jikoni, akanipita bila kunitazama, akaitoa ile tabaga iliyobonyea pale ilipofichwa nyuma ya magunia, akaipeleka kwa mikono miwili na kuiweka mbele ya yule bibi.

“Ya mama ni hii. Zingine ziko kama hii. Zilikaliwa njiani.”

“Nani alikalia?”

Mastura alinigeukia, na Hajjat naye akanigeukia, na wageni wote wakafuata macho yao hadi kwenye baraza ya jikoni. Nikatoka. Kwa mkono mmoja nilikuwa nimeshika suruali, kwa sababu mpira ulikuwa umeanza kulegea.

“Ni mimi, bibi. Mimi mtu wa bima.”

“Bima ni nini?”

Nimeeleza bima kwa mahakimu na wakurugenzi. Pale maneno yote yalinikimbia, yakabaki machache.

“Ni… kitu chako kikiharibika, mimi natafuta kingine.”

Bibi Fatna akaniangalia miguuni. “Viatu yako iko wapi?”

“Kwa Kaltuma.”

“Na mkanda?”

“Kwa yule bibi wa karibu na kisima.”

Akaishika ile tabaga. Akaigeuza, akafuata mishono kwa kidole kutoka katikati hadi ukingoni, polepole, pale ilipokatika na pale ilipokuwa bado nzima. Nilimwona Hajjat amefumba macho.

“Mkono mzuri,” bibi akasema. “Mkono ya hapa hapa. Nani alisema huyu mama amekuwa mutu ya Arua?” Yule mwanamke aliyekuwa anavuta shuka akaliacha lilivyo. Bibi Fatna akaingiza ngumi ndani ya tabaga, akasukuma katikati hadi ikainuka kidogo, imepinda, upande mmoja chini. Akaondoa ile kubwa juu ya sinia la wali lililokuwa mbele yake, akaiweka kando, akafunika sinia kwa hii ya Hajjat. Akaitazama hapo juu ya chakula kwa muda. Kisha akaifunua mwenyewe, mvuke ukatoka, akanyoosha mkono wa kulia.

“Bismillahi,” akasema.

Mastura alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Hajjat Zenabu alijifunika uso kwa kitambaa chake chote, mabega yakawa yanamtikisika. Na mimi, huku nimeshika suruali kwa mikono miwili, nikaitikia amina kwa sauti kubwa, peke yangu, mahali ambapo hakuna mtu anayeitikia amina.